Baada ya Sura ya Pili

Watoto wa Katuba walimwita baba Shetani.
Si kwa ubaya, walisema, ndiyo kazi yake.
Alitoka asubuhi na joho jeusi mkononi,
nililolipiga pasi mimi, pasi ya makaa,
nikipuliza majivu yasiguse kola,
akaenda kusimama mahakamani upande wa kuume
na kusema: fulani, mwana wa fulani, ameiba.

Jina halikumuudhi. Alilipeleka siku moja
kwa Nissim, muuza vitambaa, jirani na sinagogi,
ambaye alikuwa akimpimia kitambaa cha joho jipya,
pini tatu mdomoni, akazitema ili aseme:
"Kwa Kiebrania neno hilo lina kitu mbele yake,
silabi moja, kama kofia ya polisi.
Ukiivaa, wewe ni polisi.
Ukiivua, wewe ni baba Kapambwe.
Si jina lile. Ni cheo.
Ana nafasi yake kule juu, anaingia na wenzake,
anaulizwa alikokuwa, anasema alikuwa matembezini.
Mita tatu na nusu. Hiyo nusu ni bure, umenenepa."

Baba alirudi akicheka peke yake njiani.
Usiku, mkono kwenye bukari, akanieleza:
hata mbinguni kuna ofisi ya mashitaka.
Bila mtu wa kutilia shaka, mwanangu,
sifa zote ni umbea.

Kisha ukaja mwaka wa nyaya.
Alimshitaki Kabange, mlinzi wa ghala la shaba.
Ushahidi: buti lenye vumbi jekundu,
kana kwamba Lubumbashi ina vumbi la rangi nyingine.
Miaka saba, gereza la Kasapa.
Kabange hakuumaliza wa tatu.
Nyaya zilionekana baadaye, nyumbani kwa injinia,
zimeviringwa vizuri, hata hazijauzwa.

Baba hakusema neno.
Ila alikataa nisilipige pasi joho tena.
Liache na makunyanzi, alisema.
Liache na jasho lake.

Ile hadithi nimeisoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
ya tajiri aliyekaa jivuni akijikuna kwa kigae.
Sura mbili za kwanza mshitaki anaingia, anatoka.
Kisha marafiki wanaongea mpaka unachoka nao,
kisha tufani, farasi, mamba, theluji ambayo sijaiona,
kisha ng'ombe wanarudi maradufu
na mabinti, wazuri ajabu, wanapewa urithi.
Mshitaki hayupo.
Hakuna aliyemjulisha kwamba kesi imekwisha.
Hakuna anayeuliza alilala wapi,
nani alimfulia,
kama naye alikuwa na binti.

Baba alikufa Agosti, kabla ya mvua.
Usiku wa mkesha mjane wa Kabange alifika kutoka Kamalondo
na kiti chake mwenyewe cha plastiki, kichwani,
akakiweka upande wa kuume wa jeneza.
Wajomba wakanyanyuka.
Nikawaambia: mwacheni, hapo ni mahali pa kazi.

Alikaa mpaka alfajiri. Hakulia. Hakushitaki.
Mara moja tu aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya unga:
"Alikuwa anapata usingizi?"
Nikasema hapana.
Akaitikia kwa kichwa, polepole,
kama karani anayeandika.

Joho sikumzika nalo. Liko msumarini, nyuma ya mlango.
Nimelifua mara tatu na maji bado yanatoka mekundu.
Lakini hapa kwetu maji ya kila nguo hutoka mekundu.
Huo nao
si ushahidi.